Hadithi imerudi, itume tena leo: dhana potofu kuhusu kuandikia majarida ya bunilizi ya kisayansi na fantasia

Kila mwandishi wa hadithi fupi anayetuma kazi majaridani kwa bidii ana jedwali. Liwe kwenye Excel au kwenye daftari la mistari, safu zake ni zilezile: jina la hadithi, idadi ya maneno, jarida ilikotumwa, tarehe ya kutuma, tarehe ya jibu, aina ya jibu, na jarida linalofuata. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye siri ya kazi, kwa sababu hujazwa kabla jibu halijaja. Mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu kazi hii hutoka kwa watu ambao hawajawahi kuliona jedwali hilo.

"Wakikataa, hadithi ni mbovu"

Dhana hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, tuanze nayo. Clarkesworld, jarida la Marekani lililoanza mwaka 2006, hupokea zaidi ya hadithi 1,000 kwa mwezi, na toleo lake la mwezi halifikishi hadithi kumi. Piga hesabu: hata kama hamsini kati ya hizo elfu ni nzuri kabisa, arobaini na kitu zitarudi kwa wenyewe. Moja inarudi kwa sababu jarida limeshanunua hadithi mbili za roboti mwezi uliopita. Nyingine ina maneno 9,000 na nafasi iliyobaki ni ya 4,000. Nyingine mhariri ameisoma mpaka mwisho, ameipenda, ila hakuipenda kiasi cha kuitetea mbele ya wenzake.

Majibu yenyewe yana ngazi, na ni vizuri kujua uko ngazi gani. Ya chini ni barua moja inayotumwa kwa kila mtu: asante kwa kutufikiria, hadithi haitufai kwa sasa. Usiichambue kama shairi; maneno "kwa sasa" hayana fumbo lolote. Ya pili ni barua yenye sentensi moja au mbili kuhusu hadithi yako, mathalani kwamba mwisho umekuja ghafla. Mhariri mwenye rundo la kusoma haandiki sentensi hiyo bure, kwa hiyo iingize kwenye jedwali na mpelekee hadithi yako inayofuata. Ya tatu ni taarifa kwamba hadithi imeshikiliwa, yaani imevuka wasomaji wa awali, wale wanaochuja kazi kwanza, na iko mezani kwa mhariri mkuu. Hapo unasubiri kimya. Ya nne ni ombi la kurekebisha bila ahadi ya kununua, na wachache huipata.

Kuhusu kurekebisha, wakongwe wengi wana desturi ya kutoigusa hadithi kwa sababu ya mhariri mmoja. Wawili au watatu wasiojuana wakilalamikia kitu kilekile, hapo kuna tatizo. Vinginevyo fungua safu ya mwisho ya jedwali na itume siku hiyohiyo, kabla moyo haujapoa.

Lakini tusidanganyane, zipo hadithi zinazokataliwa kwenye ukurasa wa kwanza kwa haki. Msomaji wa awali hufungua makumi ya hadithi kwa wiki, na huona yaleyale: mhusika anaamka kitandani na kujitazama kwenye kioo, kurasa tatu za historia ya sayari kabla mtu yeyote hajafanya jambo, msimulizi anayegundulika mwishoni kuwa alikuwa maiti muda wote. Aya mbili za mwanzo zionyeshe ni nani, yuko wapi, anataka nini, na kitu gani katika ulimwengu huo si cha kawaida. Hicho cha nne husahaulika sana. Msomaji wa jarida la fantasia asipoona dalili yoyote ya fantasia mpaka ukurasa wa saba, atadhani umekosea anwani.

"Tuma kote kwa mpigo, mmoja atakubali"

Mantiki yake inaeleweka, ila majarida mengi ya fani hii yanataka hadithi iwe kwao peke yao mpaka wakujibu. Sharti hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa masharti ya kupokea kazi, ambao watu huuruka kama tangazo. Wahariri wa fani hii wanafahamiana. Wawili wakikubali hadithi moja kwa wiki moja, mmoja wao atakuwa amepoteza saa za kazi kwa ajili yako, na atakukumbuka. Kwa jarida linaloruhusu kutuma kwingine sambamba, ruhusa hiyo huja na wajibu: ukikubaliwa mahali, unawaarifu wengine siku hiyo.

Kwa hiyo mwandishi hupanga foleni. Juu hukaa majarida yanayolipa vizuri na kujibu haraka, kisha yanayolipa vizuri na kuchelewa, kisha madogo. Wapo wanaojibu ndani ya siku chache, wapo wanaochukua miezi sita. Tovuti ya Submission Grinder, ambayo ni ya bure, hukusanya taarifa za waandishi kuhusu muda huo. Duotrope hufanya kazi kama hiyo kwa malipo. Hadithi moja ikikutana na wahariri wanne wazito, mwaka umekwisha. Dawa ni kuwa na hadithi tano au sita safarini kwa wakati mmoja, kila moja mahali pake, huku unaandika ya saba.

Muda uliotajwa na jarida ukipita bila jibu, andika mistari miwili ya kuulizia: jina la hadithi, tarehe uliyoituma, basi. Kuulizia kabla ya muda huo ni kero.

"Barua nzuri ya utambulisho itamlainisha mhariri"

Hapa malezi yetu ya barua za shuleni yanatuponza. "Natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya", halafu dhumuni la barua, halafu wasifu wa mwandishi tangu darasa la nne. Barua inayotakiwa ni hii, kwa lugha ya jarida:

"Wahariri, naambatisha 'Jahazi Lisilo na Kivuli', hadithi ya fantasia yenye maneno 3,900. Haijachapishwa popote na haijatumwa kwingine. Asante kwa muda wenu."

Ukiwa umewahi kuchapishwa, ongeza sentensi moja inayotaja majarida mawili au matatu. Kama hujawahi, nyamaza; hakuna anayekukata alama. Usisimulie kisa kilichomo, usieleze maudhui, usiseme mke wako ameipenda. Na usimwite mhariri Bwana au Bi kwa kukisia kutoka kwenye jina.

Mpangilio wa maandishi nao haupaswi kukuchosha. Wengi hufuata ule uliosambazwa na mwandishi William Shunn: herufi za ukubwa wa 12, Courier au Times New Roman, mistari yenye nafasi maradufu, pambizo za sentimita 2.54, jina na anwani juu kushoto, idadi ya maneno juu kulia, kichwa katikati ya ukurasa, na juu ya kila ukurasa unaofuata jina la ukoo, neno la kichwa na namba. Panapoharibika ni pale jarida linaposoma bila kujua mwandishi ni nani. Mtu anafuta jina kwenye ukurasa wa kwanza, analisahau juu ya kurasa nyingine, kwenye jina la faili, na kwenye sifa za faili la Word ambako programu imeliandika yenyewe. Pekua sehemu hizo nne kabla ya kubonyeza.

"Niliiweka Facebook tu, haijachapishwa"

Imechapishwa. Majarida hununua haki ya kuwa wa kwanza, na ukiiweka hadharani kwenye ukurasa wowote ambao mtu yeyote anaweza kuufungua, huo uwanza umeshautoa sadaka. Kuifuta baadaye hakuurudishi. Hadithi iliyokwisha kutoka hupelekwa kwenye majarida yanayopokea marudio, na malipo yake ni madogo sana. Kuwaonyesha marafiki wanne kwenye kundi la faragha ili wakukosoe ni jambo jingine, hilo halina shida.

Mkataba ukija, tafuta vitu viwili: jarida linachukua haki zipi, na kwa muda gani haliruhusu hadithi itoke kwingine. Miezi kadhaa ni kawaida. Ukiona "haki zote, milele", uliza, na wakishikilia hapohapo, ondoka.

Wanaohofia kuibiwa wazo na mhariri wanajisumbua bure. Mawazo hayana hakimiliki, na mhariri amechoka na mawazo. Anachonunua ni namna ulivyoliandika, na hiyo ni mali yako tangu ulipoiandika.

"Lazima ulipe ili usomwe"

Fedha huenda kwa mwandishi. Majarida makubwa ya fani hii hayadai hata senti kukusoma. Chama cha waandishi wa bunilizi ya kisayansi na fantasia chenye makao Marekani, SFWA, kilipandisha kiwango chake cha malipo ya kitaalamu mwaka 2019 kutoka senti 6 za dola hadi senti 8 kwa neno. Hadithi ya maneno 4,000 kwa kiwango hicho ni dola 320. Ni fedha nzuri, ila haimlishi mtu mwaka mzima, na karibu wote wanaoandika hadithi fupi wana kazi nyingine.

Kabla ya kutia sahihi, uliza fedha zinafikaje. Wengi hutumia PayPal, na Kenya tangu 2018 inawezekana kuzitoa huko hadi M-Pesa. Kwingine, hakikisha kwanza kwamba akaunti yako inaweza kupokea, maana kuna nchi ambako inaruhusu kulipa tu. Uhamisho wa benki wa kimataifa hukatwa ada njiani, na kwa malipo ya dola 40 ada hiyo inauma. Jina la kwenye akaunti na la kwenye mkataba lazima yafanane; jina la uandishi lina mahali pake pengine, chini ya kichwa cha hadithi.

"Siku hizi kompyuta itakuandikia"

Tarehe 20 Februari 2023 Clarkesworld ilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa sababu mwezi huo ulikuwa umeleta mamia ya kazi zilizotungwa na mashine. Ilifungua tena mwezi uliofuata. Tangu hapo majarida mengi hukutaka utamke kwamba hadithi ni ya mkono wako, na atakayegundulika amedanganya hufungiwa moja kwa moja.

"Lazima iwe Kiingereza cha Kizungu, na kila neno letu lielezwe"

Idza Luhumyo wa Pwani ya Kenya alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, mwaka 2022 kwa hadithi ya mwanamke ambaye nywele zake zina mamlaka juu ya mvua. Jarida la Omenana lilianzishwa mwaka 2014 mahususi kwa hadithi za aina hii kutoka Afrika. Wahariri wa leo hawaogopi neno "kanga" au "mganga" bila maelezo. Kinachochosha ni kinyume chake: mhusika wa Tanga anayesimama katikati ya mazungumzo na nduguye kueleza ugali ni nini. Nduguye anaujua. Acha mkono uumege na uuchovye kwenye mchuzi, msomaji wa Chicago ataelewa.

Na aliyeandika kwa Kiswahili hajafungiwa nje. Samovar, jarida dada la Strange Horizons lililoanza 2017, huchapisha hadithi zilizotafsiriwa pamoja na matini ya lugha ya asili. Utahitaji mfasiri, na makubaliano naye kuhusu mgawo wa fedha na jina lake litakaa wapi yaandikwe kabla hajagusa sentensi ya kwanza, hata kama ni shemeji yako.