Usizime onyo la urandom, lisome kwanza

Ushauri uleule umezuka tena: bodi ndogo ya Linux ikiwaka na kutoa onyo la `uninitialized urandom read` (programu imesoma baiti za nasibu kutoka `/dev/urandom` kabla kerneli, kiini cha Linux, haijakusanya unasibu wa kutosha), tia `rngd -r /dev/urandom` kwenye skripti ya kuanzia, tatizo kwisha. Kilichokwisha ni onyo. Ukiongeza `quiet` kwenye vigezo vya kerneli nalo litatoweka kwenye skrini, na walau hapo hujaidanganya kerneli.

Tuangalie amri hiyo inafanya nini. `rngd`, programu ya kuilisha kerneli data ya nasibu, inachota baiti kutoka `/dev/urandom`, kisha inazirudisha kwa kerneli kupitia `RNDADDENTROPY`, wito ambao maana yake ni: hizi ni biti za nasibu, nihesabie. Kerneli haina namna ya kuhakiki, inahesabu tu. Hesabu ikifika biti 256 inatangaza `crng init done`, yaani kizalishi chake cha namba za nasibu kiko tayari, na kila programu iliyokuwa inasubiri kwenye `getrandom()`, wito wa kuomba baiti za nasibu, inaachiliwa. Ni sawa na kutoa hela mfuko wa kushoto, ukaitia wa kulia, ukasema umelipwa mshahara.

Halafu wanaleta utetezi kwamba `rngd` hupima data kwa vipimo vya FIPS (viwango vya usalama vya serikali ya Marekani) na data imefaulu. Lazima ifaulu! Baiti zinatoka kwenye ChaCha20, kanuni ya usimbaji inayotumiwa na kerneli, na hata ukiianzishia sifuri tupu, matokeo yake yataonekana nasibu kwa kipimo chochote cha takwimu. Vipimo hivyo hugundua kifaa kibovu. Havigundui kwamba mbegu, yaani data ya kuanzishia, inakisika. Bodi mia zenye programu ileile, zikiwaka kwa mpangilio uleule, zinaweza kuzaa funguo zinazofanana, na kila moja ikafaulu vipimo. Si nadharia: mwaka 2012 watafiti waliochunguza funguo za umma kwenye intaneti nzima walikuta vifaa vingi vya mtandao vyenye funguo za RSA zinazochangia namba tasa, hivyo kuvunjika kwa hesabu rahisi. Chanzo kikubwa kilikuwa funguo kutengenezwa mapema mno, kifaa kikiwaka kwa mara ya kwanza.

Sasa soma onyo lenyewe. `dmesg | grep -i random`, utazame jina na muda:

```
[  2.11] random: systemd: uninitialized urandom read (16 bytes read)
[  6.87] random: dropbearkey: uninitialized urandom read (32 bytes read)
[ 94.30] random: crng init done
```

Mstari wa kwanza usikukoseshe usingizi. Systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, hutumia baiti hizo kwa majedwali yake ya ndani. Wa pili ndio msiba: `dropbearkey` hutengeneza ufunguo wa Dropbear, seva ndogo ya SSH, na ufunguo huo umezaliwa sekunde 87 kabla kerneli haijawa tayari. Ukiona `missed due to ratelimiting`, kuna mistari iliyofichwa, weka `random.ratelimit_disable=1` uwashe upya. Programu inayotumia `getrandom()` haitatoa onyo, itaganda tu, nawe utalaumu mtandao.

Dawa ya kwanza ni kifaa cha kuzalisha namba za nasibu kilichomo ndani ya chipu, maana chipu nyingi za ARM zinacho na watu hawakiwashi. `cat /sys/class/misc/hw_random/rng_available`. Ikirudi tupu, tazama faili la DTS, linaloieleza kerneli vifaa vya bodi: nodi ya rng mara nyingi imeachwa `status = "disabled"`. Ibadilishe iwe `"okay"`, na draiva yake iingie ndani ya kerneli kwa `=y`. Ukiiacha moduli, itapakiwa baada ya ufunguo kutengenezwa. Kuna mtego mwingine: kwenye kerneli za zamani draiva nyingi zilijitangaza kuwa na ubora 0, kwa hiyo `/dev/hwrng` inatoa data lakini kerneli haijilishi. Hapo weka `rng_core.default_quality=700`, au tumia `rngd -r /dev/hwrng`, kazi ambayo `rngd` iliumbiwa.

Chipu haina kifaa hicho? Tunza mbegu kwenye diski, itumike bodi ikiwaka tena. Baiti 32 zinatosha, lakini `cat mbegu > /dev/urandom` huchanganya bila kuhesabu, hivyo onyo litabaki. `seedrng` ya Busybox, mkusanyo wa zana ndogo za Linux, huhesabu, na hufuta mbegu ya zamani kabla ya kuitumia. Mbegu isiwemo kamwe kwenye imeji unayonakili kwenye bodi zote, na saraka yake iwe sehemu inayoandikika, squashfs, ambayo ni ya kusoma tu, haitakusaidia.

Kuna pia njia ya kerneli yenyewe. Tangu toleo 5.4 la 2019, `getrandom()` ikiitwa mapema, kerneli hujitafutia entropi, yaani unasibu, kwenye mtikisiko wa muda kati ya kaunta ya CPU na taima. Kwenye kichakataji kikubwa chenye kache za ngazi kadhaa sina neno. Kwenye kiini kimoja kidogo, ambacho kaunta na taima zinaendeshwa na saa moja, sijaona hoja ya kunitosheleza kwamba kila biti inayohesabiwa ni biti kweli. Na pasipo kaunta njia hii haifanyi kazi kabisa. Ndiyo maana jaribio la 2022 la kuifanya `/dev/urandom` isubiri lilirudishwa nyuma: kuna mashine zilizogoma kuwaka.

Ukishindwa yote, chelewesha ufunguo. `dropbear -R` huutengeneza mteja wa kwanza anapounganika. Kwenye kerneli 5.6 kwenda juu, `dd if=/dev/random of=/dev/null bs=1 count=1` ndani ya skripti itasubiri mpaka kerneli iwe tayari, kisha ndipo uzalishe.

Na vifaa vilivyokwisha kusambazwa? Kerneli mpya haigusi ufunguo wa zamani uliomo kwenye diski. Futa `/etc/dropbear/dropbear_*_host_key`, uzalishe upya, na uwaambie wanaoingia kwa SSH waendeshe `ssh-keygen -R` upande wao.