"Jieleze kidogo": mwajiri anaposema hivyo anamaanisha nini

Wengi wetu tukisikia "haya, jieleze kidogo" kwenye usaili tunadhani tumeombwa historia ya maisha. Mi usaili wangu wa kwanza, kampuni moja hapo Dar, nilianzia nilipozaliwa, nikaja shule ya msingi, nikasema mimi ni wa tatu kati ya watoto sita, kufika chuo yule mama wa HR kashaanza kupanga makaratasi ya anayefuata.

Na si ushamba, ndo tulivyolelewa. Ukifika ugenini ukaambiwa jitambulishe unataja jina, mtoto wa nani, kwenu wapi, maana mwenyeji anataka ajue ukoo wako, pengine mna undugu. Mwajiri hatafuti ndugu (wapo wanaotafuta, ila hiyo mada nyingine). Yeye kuna swali hajalitamka: hii kazi nikikupa utaiweza? Kujieleza ni kujibu hilo tu. Unarudi kwenye tangazo, unaangalia wametaka nini, unasema ulichowahi kufanya kinachofanana na hicho. Dakika moja, mbili ukizidisha.

Chukua nafasi ya mhasibu msaidizi. Mmoja anaingia anasema mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Sawa, na aliyetoka kabla yake kasema hayohayo. Mwingine anasema hivi: "Naitwa Neema, nina diploma ya uhasibu. Field ya chuo nilifanya duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kila jioni nalinganisha risiti za mashine ya EFD na hela ya kwenye droo na mzigo uliotoka stoo, na ritani ya kodi ya VAT nilikuwa naiandaa mimi, mhasibu anaikagua kabla ya tarehe 20." Hajajisifu popote, lakini mtu wa paneli lazima amuulize, je hela na risiti zikipishana ulikuwa unafanyaje? Hapo mnaongea kazi.

Sasa utasema mi sina uzoefu. Field ni uzoefu, na kama ulishika duka la mjomba miaka miwili ukawa unahesabu mzigo na kudai madeni, hilo nalo litaje, ila useme ulifanya nini hasa, usiseme tu "nilikuwa namsaidia mjomba".

Kwenye barua ni vilevile. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" ibakize kama unapeleka serikalini, wameizoea, ila sentensi inayofuata iwe imeshaingia kwenye kazi. Kibaya zaidi ni ile meseji ya WhatsApp, "habari bosi naomba kazi yoyote". Hiyo "yoyote" unaona kama unyenyekevu, kumbe umemwachia yeye kazi ya kufikiria akuweke wapi, na hana huo muda.

Salamu moja kwa wote inatosha, kama kuna wazee "shikamooni" haijawahi kumharibia mtu, usizunguke meza nzima ukishika mikono.

Halafu ukimaliza nyamaza. Kile kimya kinatisha, nakijua, ndo pale mtu anaanza kuongezea "aah, halafu pia napenda kusafiri na kuangalia mpira". Acha waandike wanachoandika, wakimaliza watauliza.