Kisu cha kukunja cha mkono mmoja: "imara" maana yake nini hasa

Ukiingia sokoni Majengo hapa Dodoma ukauliza kisu kizuri cha kukunja, muuzaji atachomoa kile chenye bapa kubwa jeusi, atakirusha pah kimefunguka, na mnunuzi anaona hicho ndo chenyewe, kigumu alafu kina spidi. Ila ugumu na spidi vinakaa sehemu mbili tofauti kwenye kisu, na ukubwa wa bapa hauhusiki na hata kimoja. Ugumu uko kwenye loki na kwenye skrubu ya ungio, pale bapa linapokunjikia. Spidi iko pale dole gumba linapogusa. Nataka nieleze hivi vitu kwa urefu kidogo maana naona watu wananunua kwa macho wakati hapa tunaongelea vidole vya mtu.

Sime ya mfugaji au kisu cha jikoni, chuma kimeingia mpaka ndani ya mpini, ni kipande kimoja, ukikandamiza unakandamiza chuma kizima. Cha kukunja kimekatwa katikati na kushikwa na msumari mmoja kama bawaba ya mlango, kwahiyo nguvu zako zote zinapita kwenye ule msumari na kwenye kile kidude kinachozuia bapa lisirudi. Kile kidude ndo loki. Uwe na chuma cha bei gani, loki ikiachia bapa linarudi kwenye vidole vinne vilivyoshika mpini, na linarudi makali yakiwa mbele.

Na kwanini mkono mmoja? Kwasababu kazi nyingi za huku mkono wa pili una shughuli. Mkulima wa zabibu kule Hombolo au Makutupora kashika tawi, anataka kukata kamba iliyolifungia kwenye waya. Mtu wa mnadani Msalato kakamata kamba ya ng'ombe. Fundi yuko juu ya ngazi. Hawa wote kisu kikiwa cha kufungulia kwa kucha wataishia kukifungua kwa meno, nimeona wengi wanafanya hivyo na kwa kweli inaniogopesha kila mara.

Sasa loki zenyewe. Kuna visu havina loki kabisa, vina springi ya mgongoni tu inayobana bapa likae wazi, kama vile vidogo vyekundu vya Uswisi vya Victorinox (vingi vyao, sio vyote). Hivyo kwa kumenya chungwa na kukata uzi ni safi sana ila usikitumie kuchoma kitu kigumu wala kusukuma kwa ncha, kwasababu ukisukuma vibaya kinajikunja, hakijaharibika, ndivyo kilivyotengenezwa. Alafu kuna loki ya mgongoni, kipande cha chuma chenye jino kinachodumbukia kwenye pengo nyuma ya bapa, hii ilisambaa sana baada ya kisu cha Buck 110 cha Marekani kutoka mwaka 1964, ni ngumu kweli kweli ila kuifunga kwa mkono mmoja ni shida. Kuna ya pete, unazungusha pete ya chuma shingoni mwa kisu, Opinel wa Ufaransa wanayo tangu mwaka 1955, rahisi na haina cha kuharibika, lakini kufungua unahitaji mikono miwili. Okapi nacho, kile chenye kipete mgongoni na mlio wa tra-tra-tra, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na huku kwetu lilikuwa moja ya hayo makoloni, siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Nacho ni cha mikono miwili.

Kwa mkono mmoja utakayokutana nayo sana ni loki ya ubavuni. Ndani ya mpini kuna bati la chuma limepinda kidogo, ukifungua kisu lile bati linaruka lenyewe kwenda kukaa nyuma ya kisigino cha bapa, yaani ule mwisho wake ulioingia kwenye mpini, na kukizuia. Kuifunga unalisukuma pembeni kwa dole gumba alafu bapa linarudi. Fundi wa Marekani anaitwa Michael Walker ndo aliiboresha miaka ya 1980 ikawa hivi tunavyoijua. Baadae Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, akafanya upande mzima wa mpini uwe ndo loki yenyewe, hakuna bati jembamba tena, na vidole vyako vinapokaza mpini vinakaza na loki. Hiyo nzito ndo mi naona bora kwa mtu wa kazi ngumu. Kuna nyingine ya kipini cha chuma kinachopita kushoto kwenda kulia kikisukumwa na springi mbili ndogo, kampuni ya Benchmade walikuja nayo mwaka 1998 na sasa hivi kampuni nyingi zinatengeneza za namna hiyo, uzuri wake ni kwamba wakati unafunga kidole chako hakipiti kabisa njia ya makali, na mtu wa mkono wa kushoto anaitumia bila tabu.

Loki ya ubavuni ikiwa nzuri ni nzuri sana, ikiwa mbovu ni hatari kuliko kutokuwa na loki, maana inakupa imani ambayo haipo. Kwahiyo pale dukani fungua kisu taratibu, kigeuze uangalie lile bati limesimama wapi. Linatakiwa liguse kisigino cha bapa kuanzia mwanzo wake hadi katikati. Likigusa kwenye ukingo tu kidogo mno, linaweza kuteleza. Likiwa limeenda mpaka upande wa pili kabisa, ujue limeshaisha kabla hujaanza kazi, kwasababu bati huwa linasogea mbele kadri linavyolika. Angalia na unene, kuna mabati membamba unaweza kuyapinda kwa kucha, hayo achana nayo. Kisha shika mpini imara, vidole vyote viwe nje ya njia ya makali, gonga mgongo wa bapa taratibu kwenye meza ya mbao. Taratibu, usipige kama unapasua kuni, unachotafuta ni kuona loki inaachia kirahisi au inakaa. Ikiachia kwa kugongwa kidogo mrudishie mwenyewe hata kama bei ni ya kutupa.

Ungio pia uujaribu. Likiwa wazi, bapa litikise kushoto kulia alafu juu chini. Kucheza kushoto kulia mara nyingi ni skrubu tu, unakaza inaisha. Kucheza juu chini ni loki hiyo, na huwezi kuikaza. Ndo maana nasisitiza chukua chenye skrubu, zile za kichwa cha nyota, usichukue kilichogongwa ribiti, ribiti ikilegea utaanza kutafuta fundi wa nyundo.

Kuhusu kufunguka, njia ziko tatu kubwa. Kuna kijiti kimetokeza ubavuni mwa bapa, unakisukuma kwa dole gumba. Kuna tundu kwenye bapa, lile la duara kampuni ya Spyderco walianza nalo mwaka 1981, mi hili ndo nalipenda zaidi kwasababu halikwami mfukoni na hata ukiwa na glavu unalipata. Na kuna kijino cha bapa kinachotokeza mgongoni mwa mpini kisu kikiwa kimefungwa, unakivuta kwa kidole cha shahada na bapa linaruka lote, hicho ndo cha haraka kuliko vyote, tena kikifunguka kinakuwa ukuta unaozuia mkono usitelezee kwenye makali. Chochote utakachochagua, kijaribu bila kukiangalia. Kama dole gumba linatafuta tafuta basi hicho sio chako, mikono inatofautiana.

Watu wanachanganya hivi na visu vya springi vinavyofunguka kwa kubonyeza kitufe. Ni vitu tofauti, hivi nilivyoeleza unafungua kwa nguvu ya kidole chako mwenyewe. Vya kitufe Marekani waliviwekea sheria mwaka 1958 na Uingereza mwaka 1959, na kwa kazi za shamba havina faida yoyote ya ziada, springi ni kitu kingine tu cha kujaa mchanga. Na kiwe cha aina gani, ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye begi linaloenda chini, usipande nacho mkononi.

Urefu wa bapa sentimita 7 hadi 9 unatosha, unene milimita 3 hivi. Chuma: kikiandikwa neno la kutopata kutu peke yake bila namba, hapo hujaambiwa kitu. Ukiona 8Cr13MoV ni cha Kichina cha kawaida, kinanoleka kirahisi kwenye jiwe lolote, 14C28N ya Sweden ni bora zaidi, D2 inakaa na makali muda mrefu ila kuinoa inachosha na inaweza kupata kutu. Vyuma vyenye kaboni nyingi visivyo na kinga ya kutu hapa Dodoma vinavumilia kuliko Dar maana hewa yetu ni kavu, lakini maji ya zabibu yana asidi, ukikata na kukiacha hivyo hivyo kesho kina madoa.

Kuna kazi ambazo sio za kisu hiki hata kiwe imara vipi. Kubandua, kufungulia makopo, kugonga kwa nyundo kupasua mbao. Na kuchinja, tumia kisu kizima, damu na mafuta vikiingia kwenye ungio kuvitoa ni kazi, na mnyama hastahili kisu kinachotetereka.

Adui mkubwa wa visu hivi kwetu ni vumbi. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma unajaza mchanga mfukoni na ule mchanga unaenda kukaa pale pale bati la loki linapotua, kwahiyo kisu kinafunguka vizuri tu, unaona kimeloki, kumbe bati halijafika. Kabla hujakandamiza, litupie jicho. Kikiwa kizito kufunguka kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, chokonoa kwa mswaki wa zamani, kikaushe kabisa, alafu tone moja la oili ya cherehani kwenye ungio. Moja tu. Grisi usiweke, inashika vumbi linageuka msasa ndani ya ungio. Ukishaosha na kukaza skrubu bado bati linateleza au bapa linacheza juu chini, hicho kimeisha, na usimpe mtoto akakitumie.