Kalamu za kuchorea kwenye tableti: dhana potofu na ukweli

"Kalamu ni kalamu, mradi inagusa kioo"

Hapa ndipo wengi hupoteza hela. Kalamu ya tableti ni nusu ya chombo. Nusu nyingine imo ndani ya skrini, na lazima nusu hizo mbili zielewane. Apple Pencil haiachi hata nukta kwenye Galaxy Tab ya Samsung, na S Pen, kalamu ya Samsung, ukiishika juu ya iPad ni kama umeshika kijiti. Hata jina moja la kampuni halikupi uhakika. Tableti mbili za kwanza za Microsoft Surface Pro, za 2013, zilitumia teknolojia ya kalamu ya kampuni ya Wacom. Mwaka 2014 Surface Pro 3 ikahamia teknolojia ya kampuni nyingine, N-trig, na kalamu za zamani zikawa hazina kazi juu yake. Samsung nayo, ilipotoa simu ya kukunja ya Galaxy Z Fold3, iliitengenezea S Pen yake yenye masafa tofauti na zile za kawaida.

Kuna mfumo uitwao USI, ulioanzishwa 2015 ili kalamu moja itumike kwenye vifaa vya kampuni nyingi. Utakutana nao zaidi kwenye kompyuta za Chromebook.

Na zile za ncha ya mpira zinazodai kukubaliana na kila skrini? Ni kweli zinakubaliana, kwa sababu skrini inadhani ni kidole. Ubonyeze usibonyeze, haitajua.

"Isiyo na betri ni duni"

Kinyume chake, kalamu nyingi za Wacom na S Pen huchora bila chaji yoyote. Chini ya skrini kuna wavu wa nyaya unaotoa uga wa sumaku. Koili, yaani waya uliozungushwa, iliyomo ndani ya kalamu hunasa nishati hiyo na kuirudisha, na skrini ikapima imerudi kutoka wapi. Ukibonyeza ncha, mwitikio wa koili hubadilika, na mstari ukanenepa. S Pen zenye Bluetooth zina betri, lakini ni ya kazi za rimoti, kama kupiga picha ukiwa mbali. Ikiisha, unaendelea kuchora kama kawaida.

Udhaifu wa kalamu hizi ni sumaku nyingine. Wiki nzima niliilaani kalamu yangu kwa sababu kila mstari ulikatika palepale, vidole viwili kutoka ukingo wa kushoto. Nilibadilisha ncha, nikafuta programu na kuiweka upya. Kumbe ni jalada la tableti: nikilikunja nyuma, sumaku yake ilikaa sawasawa na pale mstari ulipokatika.

"Viwango 8192 vya mkandamizo vinashinda 4096"

Kwenye boksi, ndiyo. Mkononi sijawahi kuona tofauti, na nina shaka na anayedai kuiona. Cha kuangalia ni jinsi kalamu inavyoitikia mguso mwepesi kabisa. Ishike kwa vidole viwili bila kuikandamiza, uiburute kwa uzito wake tu. Ikiacha mstari hafifu, kivuli chepesi utaweza kukitia. Kama hadi ukandamize ndipo wino utoke, hiyo 8192 haitakusaidia.

Jaribio la pili lina maana zaidi. Zima kwanza kinyoosha mistari cha programu, maana huficha aibu. Weka rula juu ya kioo, kimshazari, kisha uvute kalamu polepole sana. Baadhi ya kalamu, hasa za betri zinazosomwa na vihisi vilevile vya mguso, hutoa mstari wenye mawimbi mithili ya nyoka, kwa sababu ncha inapopita katikati ya vihisi kifaa hukisia mahali ilipo. Ukivuta haraka hutayaona.

"Mstari ukichelewa, kosa ni la kalamu"

Mwaka 2019 Apple ilitoa iPadOS 13, programu endeshi ya iPad, na kutangaza kwamba ucheleweshaji wa Apple Pencil umeshuka kutoka milisekunde 20 hadi 9. Kalamu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni programu.

"Apple Pencil zote ni sawa kwa mchoraji"

Ile ya USB-C iliyotoka 2023 inauzwa kwa bei ya chini kuliko ya kizazi cha pili, na wauzaji wengi hawakuambii kwa nini. Inahisi ulalo wa kalamu, lakini haihisi mkandamizo. Kwa kuandika madokezo inatosha kabisa. Ukichora nayo unywele kwa brashi ya wino, mstari hauwezi kuanza mwembamba na kunenepa kadiri unavyokandamiza.