Mtoto Ameungua na Pampasi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Makalio ya mtoto yanapokuwa mekundu na kung'aa, au yanapoiva na kuwa meusi zaidi ya mwili wake mwingine ikiwa ngozi yake ni nyeusi, akina mama husema kwamba "ameungua na pampasi". Neno hilo haliko mbali na ukweli, kwa kuwa ngozi hiyo imechomwa kweli. Ubishi huanza inapoulizwa ni nini kilichoichoma. Bibi husema ni meno, jirani husema ni pampasi za bei ya chini, muuza duka la dawa hasemi neno bali hutoa tyubu, na mama mwenyewe hujilaumu kimyakimya. Karibu kila mmoja ana kitu cha kuongeza juu ya ngozi ya mtoto, ilhali mara nyingi ngozi hiyo inahitaji kupunguziwa.

Dhana inayoumiza kuliko zote ni kwamba upele wa nepi unatokana na uchafu wa mama. Si kweli. Mkojo unapokutana na kinyesi ndani ya nepi, bakteria waliomo kwenye kinyesi huvunja urea ya mkojo na kutoa amonia, ambayo huondoa ule utindikali mdogo ulio kinga ya asili ya ngozi. Hapo vimeng'enya vya kinyesi, ambavyo kazi yake tumboni ni kumeng'enya protini na mafuta ya chakula, hupata nguvu na kuanza kula tabaka la juu la ngozi, lililokwisha kulainishwa na unyevu na kusuguliwa na nepi. Kwa miongo mingi kuanzia miaka ya 1920, amonia ilibebeshwa lawama yote, mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 1977 ulipolinganisha watoto wenye upele na wasio nao bila kuona kwamba wenye upele walikuwa na amonia zaidi. Kinachoamua hasa ni muda ambao mkojo na kinyesi vinakaa pamoja juu ya ngozi. Ndiyo maana usiku mmoja wa kuharisha unaweza kumbabua mtoto wa nyumba safi kabisa, na ndiyo maana watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee, ambao kinyesi chao kina utindikali zaidi, huupata upele huu kwa nadra kuliko wenzao.

Mama aliyekubali lawama ya uchafu hujitetea kwa sabuni. Humsugua mtoto kila anapombadilisha, hutia dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni, na wengine humkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, na mtoto hulia kwa sababu anaumia. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini au pamba vinatosha, ngozi ikaushwe kwa kugandamizwa taratibu pasipo kusugua, na sabuni isubiri wakati wa kuoga, tena iwe isiyo na manukato. Vitambaa vyenye maji vya dukani navyo havina ubaya, mradi havina spiriti wala marashi.

Kuhusu pampasi, watu wamegawanyika bila sababu. Pampasi nzuri hufyonza mkojo na kuuweka mbali na ngozi kuliko kitambaa kinavyoweza, lakini ni ghali, na kwa kuwa ni ghali huachwa mpaka ivimbe na kuning'inia. Nepi ya kitambaa inayobadilishwa mara tu inapolowa ni bora kuliko pampasi iliyovaliwa tangu jioni hadi alfajiri. Kosa la kitambaa huwa ni ile chupi ya nailoni inayovalishwa juu yake ili mkojo usivuje, kwani hufungia joto na unyevu ndani. Vyovyote iwavyo, nepi yenye kinyesi iondolewe papo hapo, na kila siku mtoto apate muda wa kulala makalio wazi juu ya khanga iliyotandikwa mkekani. Hakuna dawa rahisi kuliko hiyo.

Poda nayo imekuwa kama desturi, na mtoto asiyenukia poda huonekana hakuogeshwa. Asubuhi jua linapopenya dirishani, itikise kopo mara moja utazame vumbi linavyoelea usawa wa pua ya mtoto: ndilo analovuta. Poda ya talki, yaani ya jiwe laini lililosagwa, ikiingia mapafuni inaweza kumletea mtoto shida kubwa ya kupumua, na ikilowa mkojo huganda kwenye mikunjo na kumkwaruza. Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto ya talki duniani kote mwaka 2023 na kubaki na ya wanga wa mahindi. Wapo wanaodai kwamba wanga hulisha fangasi; majaribio yaliyofanywa kwenye ngozi ya binadamu hayakuthibitisha hilo, lakini wanga pia ni vumbi, na sioni sababu ya kuutafuta.

Meno hayachubui makalio. Yanasingiziwa kwa sababu huanza kuota katika umri ule ule ambao mtoto anaanza kula uji na kutia kila kitu mdomoni, hivyo kuharisha kunakuwa kwingi, na kuharisha ndiko kunakobabua.

Dhana ambayo ningependa isomwe kwa makini zaidi ni ile inayosema kwamba upele wa nepi ni mmoja na tyubu yoyote inautibu. Mlaze mtoto penye mwanga wa kutosha, kisha funua taratibu mikunjo ya kinena. Ikiwa pale palipotuna na kugusana na nepi pamebabuka, huku ndani ya mikunjo pakiwa salama, huo ni muunguzo wa kawaida. Ikiwa mikunjo yenyewe imeiva na kando yake kuna vipele vidogo vilivyotawanyika, huenda fangasi wameingia, hasa kama upele umepita siku tatu, kama mtoto ametoka kumaliza dozi ya antibayotiki, au kama ana utando mweupe mdomoni usiofutika.

Muunguzo wa kawaida hutaka kizuizi tu: vaselini, au krimu ya zinki iliyopakwa nene mpaka ngozi isionekane. Wakati wa kubadilisha, futa sehemu iliyochafuka tu na kuacha iliyobaki, kwa sababu kuikwangua yote ni kumchubua upya. Fangasi hutaka dawa yake, kama klotrimazoli, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Tyubu ya kuogopa ni ile ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) kama betamethasoni kwa pamoja. Husifiwa kwa sababu wekundu hutulia upesi sana. Lakini nepi huifunika na kuifanya ipenye zaidi, ngozi hukonda, na ikitumika kwa muda mrefu steroidi huingia mwilini na kuvuruga homoni za mtoto.

Wanaotumia vitambaa hawakosei wanapovipiga pasi. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake hutoboa ngozi na kutengeneza uvimbe kama jipu, ambao watu huudhania kuwa upele. Vidonge vya nafutalini vya kufukuza wadudu visiwekwe kamwe kwenye nguo za mtoto, kwa kuwa kwa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, vinaweza kuzivunja chembe hizo na kuleta ugonjwa wa manjano.

Mtoto apelekwe kituo cha afya akiwa na homa, malengelenge, usaha au vidonda vinavyotoa damu, au ikiwa siku tatu za matunzo hazikuleta nafuu. Mwenye umri chini ya miezi miwili akitokwa na vipele vyenye usaha asisubirishwe hata siku moja. Upele ukishapona, ngozi nyeusi inaweza kubaki na mabaka meupe kwa wiki kadhaa, ambayo wengi huyadhania kuwa fangasi na kuendelea kupaka tyubu. Ni rangi tu iliyopotea kwa muda, na hurudi yenyewe bila kupakwa kitu.