Baiskeli ya Umeme Pembezoni mwa Dar es Salaam: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kila ninaposimama Pugu Kajiungeni kununua maji, baiskeli yangu huvuta watu, na swali la kwanza huwa ni lilelile: hiyo si pikipiki tu iliyofichwa mota? Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowafanya wapenda mazoezi wengi waipuuze baiskeli ya umeme kabla hawajaipanda. Ukweli ni kwamba baiskeli ya aina ninayoizungumzia haiendi mpaka ukanyage pedali. Kihisi kilicho karibu na pedali hutambua kwamba miguu inafanya kazi, ndipo mota huongeza nguvu yake juu ya nguvu zako. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chombo hiki huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida endapo mota yake haizidi wati 250 na msaada wake unakatika ukifika mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Zile za kusokota mkono kama pikipiki, zinazokwenda bila kukanyagwa, ni habari nyingine. Mimi nikipanda kutoka Gongo la Mboto hadi vilima vya Pugu hufika shati limelowa mgongoni, ila hufika nikiwa bado na nguvu za kuendelea hadi Kisarawe, jambo ambalo kwa baiskeli yangu ya zamani lilinishinda.

Wengine huogopa kwamba betri itawaishia porini. Hofu hii huondolewa kwa hesabu ndogo. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 14 hubeba takriban wati-saa 500, yaani nusu ya uniti moja ya Luku, na kilomita moja ya mwendo wa wastani hula kati ya wati-saa 10 na 15. Kwa hiyo safari ya jumla ya kilomita 30, kwenda na kurudi, inawezekana bila wasiwasi, na hata chaji ikiisha bado unayo baiskeli, ingawa ni nzito, kwa kuwa nyingi huzidi kilo 20. Kinachostahili kufikiriwa zaidi ni upepo, ambao watu wa pwani tunaujua vizuri lakini tunausahau tukishashika usukani. Msimu wa kusi, anayetoka Kigamboni kuelekea Kimbiji huukabili upepo wakati betri imejaa, kisha humsukuma mgongoni anaporudi. Msimu wa kaskazi mambo hugeuka: unakwenda kwa raha, unajiona hodari, halafu unarudi ukiupinga upepo na chaji ikiwa imebaki robo. Msimu huo mimi hugeuza nikiwa bado na zaidi ya nusu ya chaji.

Ipo pia imani kwamba betri hujichaji yenyewe kwenye mteremko. Baiskeli nyingi haziwezi kufanya hivyo, na zile chache ziwezazo hurudisha kiasi kidogo tu.

Dhana inayonisikitisha ni ile isemayo kwamba Dar es Salaam haina mahali pa kutembelea kwa baiskeli. Ni kweli kwamba hatuna njia ndefu za kijani kama zilizojengwa Ulaya na Marekani juu ya reli zisizotumika tena. Hata hivyo, tunazo barabara za vumbi za Mabwepande, njia za minazi za upande wa Kigamboni, na vilima vya Kisarawe vinavyopakana na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao ni hifadhi na hauingiwi bila kuonana kwanza na wahifadhi. Hatari kubwa haipo huko. Ipo kwenye barabara kuu inayokupeleka huko, miongoni mwa malori na daladala. Ndiyo maana naipenda Kigamboni: unavuka na pantoni ya alfajiri, na nusu ya usumbufu wa mji unabaki ng'ambo.

Huko huko ndiko inakofia dhana kwamba mota itakuvusha popote. Gezaulole, kwa Kizaramo, maana yake ni jaribu uone, na mchanga wake unalistahili jina hilo. Tairi la mbele huzama, usukani hugeuka wenyewe, nawe ukizidisha msaada wa mota gurudumu la nyuma huzunguka papo hapo na kuchimba shimo lake. Dawa yake ni kupunguza upepo wa matairi kidogo, kuweka gia nyepesi na kushusha msaada hadi kiwango cha chini, kisha kukanyaga polepole bila kusita. Beba pampu, kwa sababu utauhitaji upepo huo ukirudi kwenye lami.

Mvua nayo husingiziwa kupita kiasi. Baiskeli iliyotengenezwa vizuri huvumilia manyunyu. Isichovumilia ni kuzamishwa kwenye madimbwi ya masika yanayofika kwenye kitovu cha gurudumu, au kurushiwa mawimbi ya maji ya chumvi. Nikirudi nyumbani hulikausha tundu la chaji kwa kitambaa, huiacha betri ipoe kivulini, ndipo huichomeka kwenye chaja yake yenyewe, nikiwepo, mbali na pazia na godoro.