Ukuu wa shule hauji kwa zamu

Kuanzia Tukuyu hadi Mafinga, huku kusini mwa Tanzania, wengi huamini kwamba mwalimu aliyekaa shuleni miaka mingi kuliko wenzake ndiye anayefuata kuwa mkuu. Inaeleweka, maana uzoefu huangaliwa kweli. Ila ukuu wa shule ni madaraka ya kuteuliwa, tofauti na daraja la mshahara linalopanda kwa muundo wa utumishi. Huangaliwa pia elimu (kwa sekondari, kwa kawaida shahada), utendaji na mafunzo ya uongozi. Uteuzi ukitenguliwa, mtu hurudi darasani na chaki yake, daraja lake palepale. Inauma kuona mwalimu mzuri akikata tamaa kwa kungoja zamu. Mwenye nia aanzie kwenye nafasi ya mwalimu wa taaluma au wa nidhamu, kisha aulize ofisi ya elimu ya halmashauri waraka wa vigezo, ausome mwenyewe.